Birika la Kahawa la Kububujisha, na Dele la Kwetu

Katika nchi ya Marekani, na kwa kiasi kidogo katika nchi za Ulaya, wako watu waliorudia chombo cha kahawa ambacho wazazi wao walikwisha kukitupa. Chombo hicho ni birika la kutelekwa motoni, nalo kwa kuwa halina jina katika lugha yetu tutaliandika kwa sasa pakoleta. Wale wanaolirudia husema maneno yanayofanana sana: ya kwamba kahawa ya siku hizi ni nyepesi, yapatikana upesi mno, wala haijazi nyumba harufu, bali ile ya zamani, ya jikoni kwa mama, ndiyo kahawa. Twapenda kuyachungua maneno hayo, maana si ya wageni peke yao. Huku pwani nako mzee akipewa kahawa ya unga wa kopo, iliyokorogwa kwa kijiko, huinywa kwa adabu, kisha hutaja dele. Basi katika habari hii ya vyombo, ni kitu gani hasa kilichopotea, hata watu wakakitamani?

Kwanza tueleze chombo chenyewe, kwa ajili ya msomaji asiyepata kukiona. Pakoleta ni birika la bati, au la shaba, au la aluminiamu, au la kioo kisichopasuka kwa moto. Ndani yake husimama mrija mwembamba, wenye mguu mpana chini kama faneli iliyopinduliwa. Juu ya mrija hukaa kikapu kidogo cha bati chenye matundu, na katika kikapu hutiwa buni iliyokaangwa na kusagwa, nayo isiwe laini mno isije ikapita matunduni. Maji hukaa chini, pasipo kukigusa kikapu. Birika likitelekwa, maji yaliyo chini ya ule mguu hutangulia kuchemka, na mapovu ya mvuke hayana njia ila kupanda katika mrija. Yakipanda huyachukua maji pamoja nayo, nayo maji hurushwa juu, yakagonga kifuniko, yakaangukia buni, yakachuruzika chini tena. Safari hiyo hurudiwa mara nyingi. Katikati ya kifuniko pana kishikio cha kioo, na mpishi hutazama hapo jinsi maji yanavyoruka, kwanza meupe, kisha manjano, kisha hudhurungi, hata yapate rangi aitakayo. Kazi hiyo huchukua dakika 7 hata 10, na muda wote huo birika hulia, kwanza polepole, mlio mmoja mmoja, kisha upesi upesi kama mtu aliyekumbuka jambo.

Jina lake latokana na Kilatini, percolare, yaani kuchuja kwa kupitisha, na mzizi wake ni colum, maana yake chujio. Lakini jina hilo halisemi kweli yote. Chombo hiki hakichuji tu. Huchemsha, hupandisha, huchuja, kisha huchemsha tena kile kilichokwisha kuchujwa. Kiswahili kingeweza kulitaja vizuri zaidi kwa kitenzi cha chemchemi, kububujika, na sisi tungependelea liitwe birika la kububujisha. Hata hivyo lugha haiongozwi na wahariri, na neno pakoleta ni fupi. Yeyote atakayekuwa na haja nalo atachagua.

Ili kujua sababu ya kutengenezwa birika hili hatuna budi kurudi nyuma. Mbuni ni mti wa Uhabeshi, na watu wa kwanza tunaowajua kwa hakika kuwa walitengeneza kinywaji kwa buni iliyokaangwa ni Masufi wa Yemeni katika karne ya 15, nao walikunywa wapate kukesha katika dhikiri. Toka huko kahawa ilifika Makka, na mwaka 1511 liwali wa mji ule, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku, lakini marufuku yake haikudumu. Ikaenda Misri, ikaenda Istanbul, na mwaka 1652 Pasqua Rosée akafungua nyumba ya kahawa katika London. Neno lenyewe lilisafiri pamoja na kinywaji: Kiarabu qahwa, Kituruki kahve, Kiholanzi koffie, na Waingereza walichukua neno lao kwa Waholanzi. Sisi tulilipata kwa Waarabu wenyewe bila ya kupitia kwa mtu. Zamani katika Kiarabu neno hilo liliweza pia kuwa jina la mvinyo. Lakini wanywaji wa Makka hawakupenda kukumbushwa jambo hilo.

Kwa muda wa karne mbili na zaidi kahawa ilipikwa kila mahali kwa njia moja: unga na maji katika chombo kimoja juu ya moto. Taabu yake ni mashapo. Waarabu waliitatua kwa saburi, wakaiacha itulie, tena katika mdomo wa dele walitia nyuzi za mtende zishike unga. Wamarekani walitia ganda la yai au ute wake, au ngozi ya samaki iliyokaushwa, ili mashapo yashikane na kuzama. Huko Paris, karibu na mwaka 1800, palitokea birika la kudondosha, lenye vyumba viwili, maji moto yakimiminwa juu na kushuka polepole kupita katika unga.

Hapo ndipo aingiapo mtu ambaye jina lake hutajwa kila zitajwapo habari za pakoleta, na kwa kosa. Benjamin Thompson alizaliwa Massachusetts mwaka 1753. Akawa upande wa Waingereza katika vita vya Wamarekani, akahamia Ulaya, akamtumikia mtawala wa Bavaria, naye akampa cheo cha Count Rumford. Mwanachuoni huyu ndiye aliyeonyesha, kwa kutoboa mizinga ya shaba huko Munich, ya kwamba joto hutoka katika msuguano wala si maji yasiyoonekana yaliyojificha ndani ya vitu. Mwaka 1812, miaka miwili kabla ya kufa, alitoa kitabu kidogo juu ya uzuri wa kahawa na njia ya kuipika. Wengi wameandika kwamba ndiye aliyebuni pakoleta. Sivyo. Chombo chake kilikuwa cha kudondosha, kimezungukwa na maji moto kisipoe, na katika siku hizo neno hilo la Kilatini lilikuwa jina la vyombo vya kudondosha. Tena Rumford alichukia kabisa kuchemsha kahawa. Alifundisha kwamba harufu ndiyo kahawa, na harufu ikipanda hewani imekwisha kutoka katika kikombe. Neno hili tuliweke akilini, maana tutalihitaji.

Pakoleta ya kweli, yenye maji yanayopanda mrija, ilitengenezwa Paris mwaka 1819 na fundi wa bati aliyeitwa Laurens. Huko Marekani James Nason, wa Franklin katika Massachusetts, alipata hati ya uvumbuzi kwa ajili ya pakoleta yake mwaka 1865, mwaka uleule vilipokwisha vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ambamo askari walichemsha kahawa katika makopo juu ya moto wa kuni. Lakini umbo ambalo watu wa leo wanalikumbuka ni la mkulima wa Illinois, Hanson Goodrich, aliyepata hati yake katika Agosti 1889. Laonekana jambo dogo, mkulima kubuni birika. Lakini umbo lake lilikaa katika majiko ya Wamarekani muda wa miaka 80 na zaidi bila ya kubadilika sana, isipokuwa baadaye wengine waliliunganisha na umeme.

Wapinzani wake walikuja polepole. Mwaka 1908 mwanamke wa Dresden, Melitta Bentz, alitoboa matundu katika chombo cha shaba, akatandika ndani karatasi ya mwanawe ya kukaushia wino, akapata kahawa safi isiyo na mashapo. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti wa Italia akatoa birika dogo ambalo mvuke wake husukuma maji mara moja tu kupita katika unga. Watu wengi hulichanganya na pakoleta, lakini ni jingine. Mwaka 1938 Nescafé ikaanza kuuzwa Uswisi, na hapo kahawa haikuhitaji chombo hata kimoja. Mwisho, mwaka 1972, Vincent Marotta na Samuel Glazer wa Cleveland walileta mashine ya umeme ya nyumbani, iitwayo Mr. Coffee, yenye kudondosha maji moto juu ya karatasi. Katika miaka michache tu pakoleta zikapelekwa darini, au kambini kwa watu wapendao kulala mahemani, ambako umeme haufiki.

Sasa turudi kwa wale wanaozishusha darini. Je, kahawa yao ni nzuri zaidi? Tumepata kunywa ya namna zote mbili, na hukumu yetu ni hii: pakoleta iliyotazamwa vema, juu ya moto mdogo, ikaondolewa mapema, hutoa kahawa ya moto sana, yenye nguvu, lakini iliyoachwa hata mpishi akasahau ni chungu kweli, kwa sababu kahawa iliyokwisha kutoka hurudishwa tena katika buni kukamua yale ambayo yangefaa yabaki. Rumford alisema kweli. Harufu ile ijazayo nyumba, itokayo jikoni hata vyumba vya kulala, imekwisha kukikimbia kikombe. Mashine ya mwaka 1972, kwa ladha peke yake, hutunza zaidi.

Lakini tukisema hivyo tumejibu swali ambalo hawakuliuliza. Mtu anayesema kwamba kahawa ya mama yake ilikuwa nzuri hasemi habari za kikombe tu. Harufu iliyotoka katika kahawa haikupotea, iliingia nyumbani. Mtoto ambaye hakuruhusiwa kunywa aliipata kitandani mwake, akajua kwamba kumekucha na kwamba yuko mtu aliyeamka kabla yake. Kile Rumford alichokiita hasara ndicho kilichowafikia wote, na katika kikombe hupata mmoja. Tena birika lile halikuruhusu mtu aondoke. Ilimpasa mmoja asimame karibu nalo, atazame kioo, asikilize mlio, apunguze moto. Na mahali aliposimama mmoja, wengine walikuja. Mashine ya umeme haihitaji mtu, na kwa hiyo haina watu.

Habari za afya tuzipitie upesi. Mwaka 1983 waganga wa Tromsø katika Norwe walitangaza kwamba wanywaji wa kahawa katika mji wao walikuwa na mafuta mengi zaidi katika damu, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba lawama ni ya kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa. Yako mafuta mawili ndani ya buni yanayofanya hivyo, nayo karatasi huyazuia. Jina la moja ni kafestoli, na la pili ni kahweoli, lililopewa mwaka 1932. Msomaji atalitambua neno letu kahawa limevaa joho la wanachuoni. Pakoleta, kwa kuwa kikapu chake hushika sehemu ya mafuta hayo, iko katikati.

Tulisema kwamba huku pwani nako kuna tamaa kama hiyo, na hapa ndipo penye faida kwa wasomaji wetu, maana habari ya dele hufundisha jambo ambalo pakoleta haifundishi. Pwani haikupata kutumia pakoleta sana. Chombo chake ni kile cha Waarabu, dalla, nalo jina hilo liliingia Kiswahili kwa sura mbili: mdila, wingi midila, ndilo jina la kamusi za zamani na la nyumba kubwa, dele, wingi madele, ndilo jina la mtaani. Buni hukaangwa katika kikaango hata iwe nyeusi, hutwangwa kinuni, hutiwa katika maji yanayochemka pamoja na tangawizi, na pengine iliki, pasipo sukari. Dele hukaa juu ya seredani ya makaa, na mwuza kahawa hulichukua pamoja na moto wake mkono mmoja, na mkono wa pili huchukua vikombe visivyo na vishikio, akivigonganisha. Mlio huo wa vikombe ni tangazo lake. Hahitaji kupiga kelele. Kwa utamu, mtu hula kashata, au haluwa, au tende, kwa kuwa uchungu na utamu havikuchanganywa katika chombo kimoja, bali kinywani.

Msomaji aangalie tofauti. Pakoleta ya Wamarekani ilikuwa ya jikoni, ikapotea jikoni, nao wameirudisha jikoni. Dele la kwetu halikupotea: lilitoka nyumbani likakaa njiani. Unguja, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam bado watu huketi barazani jioni na vikombe vyao, na habari za siasa na za mpira hukatwa hapo. Lakini nyumbani mle chai imetawala kabisa, hata kunywa chai kumekuwa na maana ya kula chakula cha asubuhi, awe mtu amekunywa chai au uji. Neno mkahawa, lililokuwa nyumba ya kahawa, leo ni nyumba ya kulia wali na maharagwe, na mgeni akiagiza kahawa katika mingi yake ataletewa maji moto na kopo. Na kwa kuwa baraza ni ya wanaume, kahawa ya dele imekuwa ya wanaume. Mwanamke wa pwani ambaye bibi yake alikuwa na mdila wake na kinu chake, leo huisikia kahawa ikigongwa nje ya dirisha. Kwa maoni yetu hasara hii ni kubwa kuliko ile ya Wamarekani, wala haisemwi sana.

Hapa ndugu zetu wa bara watauliza, Na sisi tulioilima? Swali ni la haki. Katika nchi za magharibi ya ziwa la Viktoria buni ni ya kale kuliko Wazungu na Waarabu. Wahaya huchemsha buni mbichi pamoja na majani yenye harufu, huikausha, huitafuna, na humpa mgeni kabla ya neno lolote. Tena katika Buhaya na Buganda buni mbili zilizo ndani ya ganda moja zilitumiwa katika kuchanja undugu wa damu. Waganda huiita mmwanyi, na neno hilo halikutoka kwa Mwarabu, nao ni ushahidi mzuri wa ukale wake. Lakini Kilimanjaro na Taita mbuni ulikuja na misioni: mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu waliupanda Bura mwaka 1893, na Kilema mwaka 1898, kwa mbegu za kisiwa cha Réunion, na kwa hiyo kahawa ya namna hiyo huitwa Bourbon, jina la kale la kisiwa. Wachaga waliilima kwa bidii, mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, kinachojulikana na watu wote. Buni ikashuka kwa reli, ikapanda meli. Mapadre walifundisha kupanda, kupogoa, kumenya na kukausha; kunywa hakukuwa katika mafundisho. Hivyo katika nyumba nyingi za mlimani pana mibuni mlangoni na chai mezani, na kahawa iliyorudi nyumbani imerudi kwa sura ya unga wa kopo, kama ule wa kiwanda cha TANICA cha Bukoba, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Mtu hawezi kutamani dele ambalo babu yake hakuwa nalo.

Kwa njia, neno mbuni nalo lina mambo. Mbuni ni mti. Mbuni ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Na mbuni ni mtu abuniye kitu, kama Laurens na Goodrich. Sauti ni moja, asili ni mbalimbali: mti ni kwa Kiarabu bunn, mtu ni kwa kitenzi chetu. Mwalimu atakayetaka kuwachekesha wanafunzi na awape sentensi yenye mbuni watatu.

Kurudisha kahawa ya kuchemsha nyumbani si jambo la gharama. Yatosha kikaango kizito, kinu kidogo kisichotwangiwa vitunguu, jiko la makaa, na buni ambayo katika nchi zetu haiko mbali. Kaanga kidogo kidogo, ya siku mbili au tatu, maana iliyokaangwa hupoteza harufu upesi. Dele la bati la sokoni lafaa. Lakini aliye na mdila wa shaba wa bibi yake, uliowekwa kabatini kuwa pambo, autazame kwanza ndani kabla ya kuuteleka. Midila hiyo ilipakwa bati ndani, na bati hiyo huisha kwa miaka. Ikiwa imetoka na shaba yaonekana, ampelekee fundi aipake upya, kwa kuwa shaba tupu huingia katika kahawa na kumdhuru mnywaji.